Kuwa mtafiti wa nadharia mbadala za mvutano: kutoka darasani hadi ajira

Wengi wakisikia "nadharia mbadala za mvutano" hudhani kazi yenyewe ni kubuni mlinganyo wa kumpindua Einstein. Kubuni kupo, ila ni sehemu ndogo. Muda mwingi huenda kwenye kuichukua nadharia iliyokwisha kuandikwa, kuifuata kutoka Lagranjiani yake (fomyula ambamo milinganyo yake yote hutolewa) hadi kwenye namba ambayo darubini inaweza kuipima, kisha kuona kama itasalimika. Nyingi hazisalimiki. Anayedumu katika fani hii ni yule anayejua kuiua nadharia mapema na kwa ushahidi, hata ikiwa ni ya kwake, na bado zana zake zikawa na kazi kesho yake.

Tarehe 17 Agosti 2017 iliwafundisha wengi jambo hilo. Mawimbi ya mvutano yaliyopewa jina GW170817 yalifika kutoka kwenye nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 130, na mwako wa miale ya gama ukafuata sekunde 1.7 baadaye. Ukigawa sekunde hizo kwa urefu wa safari, unapata kwamba kasi ya mvutano na kasi ya mwanga hazipishani zaidi ya sehemu chache za 10⁻¹⁵. Sehemu kubwa ya Galileoni za daraja la nne na la tano, nadharia zinazoongeza uga mmoja juu ya mvutano wa Einstein na zilizokuwa zikitumika kueleza kwa nini upanukaji wa ulimwengu unaongeza kasi, ziliondoka siku hiyo. Aliyekuwa na nadharia moja tu alibaki mikono mitupu. Aliyekuwa na programu ya kukokotoa familia nzima ya nadharia aliweka kigezo kimoja kuwa sifuri, akaendelea na kazi.

Hatua ya 1: Msingi wa hesabu na programu

Shahada ya kwanza iwe ya fizikia au hisabati. Fizikia ya anga pia inafaa mradi ina hesabu nzito. Huwezi kukwepa mekanika ya Lagrange, sumakuumeme, kwanta, fizikia ya takwimu, tensa na jiometri ya nafasi zilizopinda. Usijipime kwa alama za mtihani. Chukua karatasi tupu ufanye mambo matatu haya bila kufungua kitabu:

1. Toa milinganyo ya Einstein kutoka kwenye Lagranjiani ya Einstein na Hilbert kwa kuibadilisha metriki (kinachopima umbali katika nafasi na wakati) kidogo kidogo, kisha toa mlinganyo wa Friedmann wa upanukaji wa ulimwengu.
2. Rudia zoezi hilo kwa f(R), yaani Lagranjiani ambamo skala ya mpindo, R, imebadilishwa kuwa kitendakazi chake. Hapa wanafunzi wengi hupoteza vipengele viwili vyenye derivativi za derivativi ya f, kwa sababu katika nadharia ya Einstein vipengele hivyo hujifuta vyenyewe.
3. Andika milinganyo ya misukosuko midogo ya metriki, ukionyesha kwamba vipotensheli viwili vya mvutano, cha wakati na cha nafasi, vinalingana katika nadharia ya Einstein (pasipo msongo usio sawa pande zote) na vinatofautiana katika f(R).

Ukiyamaliza yote matatu, uko tayari kuanza uzamili. Zoezi la tatu likikushinda, usikimbilie uzamivu. Miezi sita zaidi ya kujifunza sasa ni nafuu kuliko mwaka wa kubahatisha baadaye.

Kwa upande wa programu, Python ni ya lazima, na pamoja nayo lugha moja kati ya C na Fortran. Sababu yake ni ya kawaida tu: programu mbili zinazobeba fani hii, CLASS na CAMB, ambazo hukokotoa jinsi misukosuko midogo ya ulimwengu inavyokua, ya kwanza imeandikwa kwa C na ya pili kwa Fortran. Zote zina mlango wa Python, lakini kuongeza nadharia mpya hufanyika ndani, si mlangoni. Jifunze pia Linux, Git, na kutuma kazi kwenye foleni ya kompyuta kubwa za pamoja.

Somo linalodharauliwa kuliko yote ni takwimu za Bayes. Mtu hufika mwaka wa pili wa uzamivu akiwa hodari wa tensa, lakini hawezi kueleza tofauti kati ya uwezekano wa data ukipewa nadharia na uwezekano wa nadharia ukipewa data. Jaribio la kwanza la maana kwenye data humuumbua.

Anayetoka nchi isiyo na kundi la watafiti wa kosmolojia aangalie kozi ya diploma ya mwaka mmoja ya ICTP, kituo cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964. Imekusudiwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea na huwa daraja la kwenda uzamivu.

Hatua ya 2: Jua ramani kabla ya kuchagua njia

Anzia kwenye teorema ya Lovelock ya 1971. Inasema hivi: ukiwa na vipimo vinne vya nafasi na wakati, ukitumia metriki peke yake, na milinganyo yako isipite derivativi za daraja la pili, basi huna pa kutokea isipokuwa milinganyo ya Einstein pamoja na kosmolojia konstanti (nishati isiyobadilika ya nafasi tupu). Kwa hiyo kila nadharia mbadala lazima ivunje sharti mojawapo, na swali la kwanza la kuiuliza nadharia yoyote ni: umevunja lipi?

Walioongeza uga wa skala, yaani uga wenye namba moja tu kila mahali, ni wengi. Brans na Dicke walifanya hivyo mwaka 1961, na Horndeski mwaka 1974 akaandika umbo la jumla kabisa la nadharia za uga mmoja wa skala ambazo milinganyo yake inabaki daraja la pili. Kazi yake haikuangaliwa sana kwa zaidi ya miaka thelathini, na leo ni kama sarufi ya fani. f(R), ambayo inaonekana haina uga wowote mpya, ukiipanga upya huonekana kuwa nadharia ya uga wa skala iliyojificha. Nadharia iitwayo DGP ya mwaka 2000 iliongeza kipimo cha tano, nacho ni cha nafasi. Wengine wakaipa gravitoni, chembe ya mvutano, uzito. MOND ya Milgrom, ya 1983, inasimama kando kidogo: ilizaliwa ili kueleza mizunguko ya galaksi bila maada giza (maada isiyoonekana), ilhali nyingi ya nilizotaja zinahangaika na nishati giza (kinachoongeza kasi ya upanukaji). Usizichanganye mbele ya jopo la usaili.

Kisha soma mbinu za kujificha. Nadharia ikibadilisha mvutano kwenye umbali wa megaparseki, yaani wa kati ya galaksi na galaksi, ina kesi ya kujibu pia kwenye mfumo wa jua. Kipimo cha chombo cha Cassini kilichochapishwa mwaka 2003 kinaacha nafasi ya takriban 2×10⁻⁵ tu ya kupishana na Einstein, na Brans-Dicke ikalazimika kuwa na kigezo chake juu ya 40,000, yaani karibu isitofautiane kabisa na uhusianifu wa jumla, nadharia ya Einstein. Kutoroka kunawezekana kwa njia kama ya kinyonga ya Khoury na Weltman (2004), ambamo uga huwa mzito palipo na maada nyingi na nguvu yake ikakatika karibu, au ya Vainshtein (1972), ambamo derivativi za uga wenyewe huudhoofisha karibu na chanzo. Nadharia isiyo na mbinu ya kujificha, na isiyoeleza kwa nini haiihitaji, haina haja ya supakompyuta kuangushwa.

Hatua ya 3: Chagua msimamizi kwa kusoma makala zake

Uzamivu huchukua miaka 3 hadi 4 katika nchi nyingi za Ulaya, na 5 hadi 6 Marekani ambako masomo ya darasani huunganishwa humo. Kabla ya kuandika barua, fungua INSPIRE au arXiv, hifadhi za makala mtandaoni, usome makala tano za mwisho za huyo unayemfikiria. Angalia mwanafunzi ndiye mwandishi wa kwanza au yuko katikati ya orodha. Katika nadharia safi majina mara nyingi hupangwa kwa alfabeti, kwa hiyo hapo uliza badala ya kukisia. Angalia pia wanafunzi wake waliopita wako wapi sasa, na kundi linatumia programu gani.

Swali lenye faida kuliko yote kumwuliza ni hili: "Katika mwaka wa kwanza nitaandika au nitabadilisha programu ipi?" Jibu likiwa na jina la programu na jina la data, uko salama. Likiwa la kuzungukazunguka, tafuta kwingine.

Uliza pia kuhusu uanachama wa miradi mikubwa. Darubini ya angani ya Euclid, iliyorushwa 1 Julai 2023, DESI, chombo cha kupima mwanga wa galaksi chenye nyuzi za roboti 5,000 kwenye darubini ya Kitt Peak, na uchunguzi wa darubini ya Rubin huko Chile hutoa data kwa wanachama kabla ya umma. Asiye mwanachama hajafungiwa mlango: data za satelaiti ya Planck kuhusu mnururisho wa kale wa ulimwengu, mkusanyiko wa supanova wa Pantheon+, na toleo la kwanza la DESI la Machi 2025 ziko wazi kwa yeyote.

Hatua ya 4: Mnyororo wa kazi yenyewe

Hapa ndipo fundi hujulikana. Mpangilio ufuatao una sababu: kila pingu ni ghali kuliko iliyoitangulia, kwa hiyo nadharia mbovu ife mapema.

Anza na usuli. Tatua milinganyo ya ulimwengu laini, usio na galaksi, uone kama kuna enzi ya mnururisho, enzi ya maada, kisha upanukaji unaoongeza kasi, kwa urefu unaokubalika. Hii ni kazi ya siku chache kwa Python. Usifurahi sana ukifaulu hapa. Modeli ya f(R) ya Hu na Sawicki (2007) imeundwa makusudi iige upanukaji wa modeli ya kawaida (mvutano wa Einstein, maada giza na kosmolojia konstanti) karibu kabisa, kwa hiyo umbali wa supanova hautaitofautisha.

Pili, uthabiti. Kuna magonjwa matatu. Mizuka ni pale nishati ya mwendo ya uga inapokuwa na ishara hasi. Tawi la DGP linaloongeza kasi lenyewe lilianguka kwa hilo. Ugonjwa wa pili ni mraba wa kasi ya sauti kuwa hasi, ambapo misukosuko midogo hulipuka haraka kadiri mawimbi yanavyokuwa mafupi. Wa tatu ni takioni, yaani mraba wa uzito wa uga kuwa hasi, ambao si lazima uue kwa sababu ukuaji wake unaweza kuwa wa polepole kama umri wa ulimwengu. Kwa f(R), katika mkataba wa kawaida wa ishara, hakikisha derivativi ya pili ya f ni chanya. Makosa ya hapa ni ya aina mbili: kusahau kukagua, au kukagua leo tu wakati ugonjwa ulikuwapo ulimwengu ulipokuwa mchanga. Kagua historia nzima.

Tatu, misukosuko ya mstari. Nadharia nyingi hujumlishwa kwa vitendakazi viwili: μ, kinachosema maada inavutwa kwa nguvu gani ukilinganisha na Einstein, na Σ, kinachosema mwanga unapindwa kiasi gani. Katika f(R) μ hupanda hadi 4/3 kwenye umbali mdogo usio na kinga, huku Σ ikibaki karibu na 1. Ndiyo maana kupima mwendo wa galaksi pamoja na upindaji wa mwanga kwa wakati mmoja kuna thamani kuliko kupima kimojawapo kwa usahihi maradufu. Mkato wa kudhani uga unabadilika polepole hurahisisha sana hesabu, lakini huvunjika unapokaribia upeo wa ulimwengu unaoonekana. Ukiutumia, sema umeutumia wapi na kwa mizani gani.

Nne, programu. Kwa familia ya Horndeski tumia hi_class au EFTCAMB. Kwa μ na Σ, MGCAMB. Usiandike upya kilichokwisha kujaribiwa. Ukilazimika kubadilisha CLASS, jaribio la kwanza ni kuzima nadharia yako na kuangalia kama matokeo yanarudi kwenye yale ya CLASS isiyoguswa, kwa tofauti isiyozidi asilimia 0.1. Jaribio la pili ni kulinganisha na programu nyingine. Siku nyingi hupotea kwa mambo haya, tena kwa kila kizazi cha wanafunzi:

- Makala moja inaita Ψ kile ambacho nyingine inakiita Φ, au inabadilisha ishara yake.
- Kigezo α_B (kinachopima jinsi uga wa skala unavyochanganyika na metriki) cha waandishi wa kundi moja ni mara −2 ya kile cha kundi jingine. Jina ni lilelile.
- Namba ya wimbi k imeandikwa kwa h/Mpc upande mmoja na kwa 1/Mpc upande mwingine. Grafu inateleza kwa asilimia 30 na inaonekana kama ugunduzi.
- Milinganyo imeandikwa kwa geji (chaguo la mfumo wa kuratibu) ya Newton huku programu ikifanya kazi kwa geji sinkronasi.

Bandika jedwali la mikataba yako juu ya meza. Si mzaha.

Tano, data. Modeli ya kawaida ina vigezo 6. Ongeza vya nadharia yako, labda 1 hadi 4, na vile vya usumbufu vya kila chombo, ambavyo kwa Planck peke yake ni takriban ishirini. Minyororo ya Markov, yaani sampuli za bahati nasibu zinazotafuta vigezo vinavyolingana na data, huendeshwa kwa programu za Cobaya au MontePython, na desturi ni kusubiri kipimo cha Gelman na Rubin, R−1, kishuke chini ya 0.01. Kushuka huko hakuhakikishi chochote ikiwa uwezekano una vilele viwili na minyororo yote imekwama kwenye kimoja.

Kuna mitego mitatu ya kutazama kwa makini. Mmoja ni mizani midogo: HALOFIT, fomyula inayokisia mrundikano usio wa mstari, ilipimwa kwa modeli ya Einstein. Ukiipa f(R) itakupa jibu bila kulalamika, na jibu litakuwa batili. Bila emuleta (programu inayoiga kwa haraka matokeo ya simulesheni) iliyofundishwa kwa nadharia yako, kata data zinazozidi takriban k = 0.1 h/Mpc na ukubali kupoteza usahihi. Wa pili ni nyutrino: uzito wao hupunguza mrundikano wa maada wakati f(R) inauongeza, hivyo viwili hivyo vinaweza kufichana. Ukigandisha uzito wa nyutrino kwenye namba moja, kikomo chako kwenye mvutano kinaonekana kikali kuliko kilivyo. Wa tatu ni makadirio ya awali, yaani uwezekano uliokipa kigezo kabla ya kuona data. Kigezo kisichobanwa na data, kikiwa na nafasi pana upande mmoja, huvuta wastani kuelekea huko hata kama penye kulingana vizuri zaidi na data ni kwingine. Onyesha daima pointi inayolingana vizuri zaidi kando ya wastani, na urudie hesabu kwa makadirio tofauti.

Hatua ya 5: Makala ya kwanza

Isiwe nadharia mpya. Iwe kikomo kipya kwenye nadharia ya zamani kwa data mpya, au marekebisho ya mkato ambao wengine waliutumia vibaya. Makala ya namna hiyo hukamilika kwa miezi 9 hadi 15 na hukupitisha kwenye mnyororo mzima.

Andika muhtasari wenye namba. "Tunaweka kikomo" hakumwambii mtu kitu. Epuka kabisa sentensi ya kwamba Einstein alikosea. Wahariri hupokea barua za namna hiyo kila wiki kutoka kwa watu ambao hawajawahi kukokotoa obiti ya Zebaki. Weka makala arXiv, sehemu ya astro-ph.CO ikiwa data ndiyo kiini, gr-qc ikiwa nadharia ndiyo kiini. Anayetuma kwa mara ya kwanza anaweza kuhitaji mtu wa kumwidhinisha, kwa hiyo usingoje usiku wa mwisho. Majarida ya kawaida ni JCAP, Physical Review D na Classical and Quantum Gravity. MNRAS pia inasomwa, ila tangu 2024 iko wazi kwa wote na hutoza ada ya uchapishaji. Uliza kwanza nani atalipa.

Watu wengi huweka makala arXiv kwanza, wakasubiri wiki moja au mbili kupata barua pepe za wenye malalamiko, ndipo wakapeleka jaridani. Nusu ya barua hizo huomba makala zao zitajwe. Zisome zote, kwa sababu nusu ya pili hutaja kosa la kweli.

Chapisha programu na minyororo yako pamoja na makala. Programu inayotumiwa na wengine hukuletea marejeo hata baada ya nadharia yako kufa.

Hatua ya 6: Nafasi za baada ya uzamivu

Nafasi moja hudumu miaka 2 hadi 3, na ni kawaida kupitia mbili au tatu, mara nyingi katika nchi tofauti, kabla ya ajira ya kudumu. Matangazo yako kwenye INSPIRE, Academic Jobs Online na daftari la kazi la AAS, jumuiya ya wanaastronomia wa Marekani. Msimu ni mmoja tu kwa mwaka: tarehe za mwisho huanguka kati ya Septemba na Desemba kwa kazi itakayoanza Septemba au Oktoba inayofuata. Katika astronomia, desturi iliyokubaliwa na AAS ni kwamba mwombaji asilazimishwe kujibu kabla ya 15 Februari. Ukiukosa msimu, unasubiri mwaka mzima.

Kifurushi kina wasifu, orodha ya makala, maelezo ya utafiti ya kurasa 2 hadi 5, na barua tatu za mapendekezo. Waombe waandishi wa barua wiki sita kabla, uwape orodha ya tarehe kwenye jedwali moja. Angalau mmoja awe nje ya taasisi yako, na hilo linataka maandalizi ya mwaka mzima: nenda ukatoe mada kwenye kundi lake, au mwandike makala pamoja. Panga kutuma maombi 40 au zaidi, na usipime thamani yako kwa idadi ya majibu yasiyokuja.

Kwenye maelezo ya utafiti, ukurasa wa kwanza useme utakachofanya katika miezi 12 ya mwanzo, kwa data ipi na programu ipi. Wanaosoma mafungu ya maombi hutafuta mtu anayeweza kuanza kazi Jumatatu. Ukiandika kuwa wewe ni mtaalamu wa nadharia fulani moja, umejifunga. Andika kwamba unapima mvutano kwa ukuaji wa mrundikano wa maada, au kwa mawimbi ya mvutano, halafu itaje nadharia kama mfano.

Hatua ya 7: Kuchagua mada mwaka hadi mwaka

Hitilafu kati ya vipimo ndizo chambo cha fani hii. Planck (2018) ilitoa kasi ya upanukaji 67.4 ± 0.5 km/s/Mpc, na kipimo cha supanova na nyota za Cepheid cha 2022 kikatoa 73.04 ± 1.04. Makala nyingi za kutibu pengo hilo zilirekebisha namba moja na kuharibu nyingine tano. Hitilafu ya mrundikano wa maada, S8, ilizaa nadharia nyingi pia, kisha matokeo ya mwisho ya KiDS, uchunguzi wa upindaji wa mwanga wa galaksi, mwaka 2025 yakakubaliana na Planck. Sasa ni zamu ya DESI: matokeo ya Machi 2025 yanaashiria nishati giza inayobadilika, kwa nguvu ya sigma 2.8 hadi 4.2 (kadiri sigma zinavyozidi, ndivyo bahati tu inavyokuwa vigumu kueleza) kutegemea supanova zipi zimeunganishwa nayo. Umbo linalopendelewa huvuka w = −1 (w ni uwiano wa msongo wa nishati giza na msongamano wake wa nishati), jambo ambalo uga mmoja wa kawaida wa skala usioungana na mvutano hauwezi kulifanya bila kuumwa, kwa hiyo nadharia za kuunganisha zimepata soko tena.

Gawa muda wako. Theluthi mbili uziweke kwenye kazi ambayo matokeo yake yatachapishika hitilafu ikidumu au ikifutika: emuleta ya mizani midogo, ukaguzi wa mikato, mbinu za kuchanganya upindaji wa mwanga na mwendo wa galaksi. Theluthi iliyobaki cheza nayo kwenye habari ya mjini.

Jiwekee pia tarehe. Mwishoni mwa nafasi ya pili ya baada ya uzamivu, kaa na watu wawili wanaokaa kwenye majopo ya ajira, uwape wasifu wako na uwaombe waseme ukweli. Wakisita, anza mara moja kuandika upya wasifu wa kurasa mbili kwa waajiri wa nje: takwimu za Bayes, programu za C na Python, kuendesha kazi kwenye maelfu ya vichakato. Ondoa orodha ya makala, acha kiungo kimoja cha hifadhi ya programu zako, na hakikisha iliyo juu kabisa ina maelekezo ya kuisakinisha yanayofanya kazi.